Siku Niliyofichwa Msiba wa Baba

Kwetu mtu aliye safarini haambiwi msiba. Akipiga simu ataambiwa wote wazima, mvua imenyesha, karanga zimekubali, na wewe huko baridi unaionaje. Habari yenyewe ataipata akishafika, akishatua begi na kunywa maji. Nimekulia ndani ya desturi hiyo na sikuwahi kuihoji. Niliona ni huruma, mpaka siku waliponifanyia mimi.

Siku hiyo nilikuwa Ujerumani, katika mji ambao watu huuendea kwa sababu ya muziki tu. Jina lake sitalitaja, umeshasifiwa vya kutosha. Baba yangu alifariki alfajiri nyumbani kwetu Ntalikwa, nje kidogo ya mji wa Tabora, nami nikashinda kutwa nzima natalii. Nilikula keki. Nilipiga picha chini ya sanamu.

Nilikuwa nimeenda na walimu wenzangu kwenye semina. Semina ikaisha, tukabaki na siku moja ya mapumziko kabla ya kurudi. Wenzangu walikwenda madukani. Mimi nikapanda treni peke yangu kwenda mji huo, kwa sababu nilikuwa nimetumwa na baba.

Baba alikuwa mkulima wa karanga na tumbaku, na kwa miaka mingi ndiye aliyepiga kinanda kanisani kwetu. Sisi ni Wamoravian. Kinanda chenyewe kilikuwa cha kukanyaga kwa miguu, kilichoachwa na wamisionari, na kila panya walipokula mivukuto yake baba aliiziba kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Jumapili moja redio ilicheza kinanda cha mabomba, kile kikubwa cha makanisa ya Ulaya, baba akaacha kula, ugali mkononi. Akasema, "Kile si kinanda, ile ni nyumba inaimba." Tangu hapo akawa haishi kukitaja.

Nilipokwenda kumuaga alikuwa ameshaanza kuvimba miguu kwa ugonjwa wa moyo. Alinishika mkono akaniambia, "Ukifika pale ingia, kaa. Kikianza kupigwa, nipigie simu. Usinirekodie. Nataka nikisikie wakati uleule kinapopigwa." Nikamwahidi. Kwa hiyo nilikuwa na kazi moja tu katika mji ule: baba akisikie kinanda akiwa hai.

Asubuhi nilipoteremka kwenye treni nikampigia. Simu yake akaipokea mama mdogo, mdogo wake mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje huko?"

"Salama. Nipe baba."

"Amelala. Jana hakulala vizuri, ndiyo kwanza kausingizi kamemchukua. Tusimwamshe."

Nikasema sawa. Nikamwambia mchana nitapiga tena, amwandae. Akajibu, "Tutamwandaa." Neno hilo bado linanikereketa. Muda mfupi baadaye ukaja ujumbe wa mdogo wangu wa kiume: "Kula bata dada! Tuma picha." Aliuandika akiwa amekaa msibani. Baadaye alinieleza kwamba walimwambia aandike kitu cha kuchangamsha nisije nikashtuka. Na kweli, nikatuma picha.

Nilituma picha ya sanamu. Ni ya mtunzi wao mkuu, aliyefariki zamani sana, na mji mzima unamla mpaka leo. Uso wake uko kwenye chokoleti, kwenye miavuli, kwenye mifuko ya kubebea mboga, kwenye sabuni. Pembeni ya kanisa alisimama kijana amevaa nywele za bandia nyeupe, akipiga fidla kama anayelipwa ili aache. Niliingia kwenye nyumba ya makumbusho ya muziki, nikapewa vidude vya masikioni. Mlinzi mmoja akanifuata kutoka chumba hadi chumba. Wazungu waliokuwa wakiegemea makabati ya vioo hakuwaona. Nilipogeuka ghafla kumkabili akajifanya anasoma maelezo ya ukutani, maelezo ambayo bila shaka alikuwa ameyasoma kila siku ya Mungu.

Nilikasirika sana pale. Nilikasirika na baridi, na vinywaji vya bei mbaya, na yule mlinzi. Siku hizi nikikumbuka najiona nilivyokuwa nikipigana na watu wasiohusika, huku walionikosea wako Ntalikwa wanachinja ng'ombe wa msiba na kuniombea safari njema.

Dukani nilisimama muda mrefu nikichagua soksi za sufu. Baba miguu yake ilikuwa baridi siku zote tangu augue, nami nikawa nahangaika na saizi, kwa sababu ya ule uvimbe. Nikamwita muuzaji, nikamweleza kwa Kiingereza na kwa mikono jinsi mguu wa baba ulivyo. Akaniletea kubwa zaidi. Kwa hesabu ya waliokuwepo nyumbani, huo ndio wakati walipokuwa wakimwosha.

Mchana nikaingia kanisani. Mlangoni alikaa bibi mmoja aliyejifunga skafu, akanionyesha kibao: simu zimekatazwa, picha zimekatazwa. Nikaitikia kwa kichwa. Nikaenda kukaa nyuma kabisa, pembeni ya nguzo, simu nimeificha ndani ya kitenge nilichojitanda. Mbele kule juu mpiga kinanda alikuwa anapanga karatasi zake. Nikapiga.

"Mpe baba. Anaanza sasa hivi."

Nikasikia mtu anamwambia mama mdogo jambo kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya chini, sikulinasa. Kisha akasema, "Haya. Weka."

Kinanda kikaanza. Sijui niseme nini kuhusu sauti ile. Ilianzia miguuni, kwenye mbao za sakafu, ikanipanda mpaka kwenye meno. Nikakumbuka ile nyumba inayoimba, nikacheka peke yangu, machozi yananitoka. Upande wa pili wa simu kulikuwa na kimya kizito kabisa. Hakuna mtoto aliyelia, hakuna kuku, hakuna aliyekohoa. Nikasema moyoni, kweli wanamheshimu mzee, wamenyamaza wote asikie.

Bibi wa mlangoni alinikuta kabla wimbo haujaisha. Alinigusa bega, akanyoosha kidole kwenye kitenge. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba baba yangu mgonjwa anasikiliza kutoka Afrika, anisubiri dakika chache. Akatikisa kichwa. Akanyoosha mkono kama anayemnyang'anya mwanafunzi pipi. Hapo nikapandisha hasira. Nilisimama nikapaza sauti kanisani, mimi niliyelelewa kutokunong'ona hata wakati wa matangazo: "Baba yangu anasikiliza!" Vichwa vikageuka. Mzee mmoja akaweka kidole mdomoni. Nikatoka, mlango niliufunga kwa nguvu, na sijutii.

Nje kwenye ngazi nikapiga tena.

"Samahani mama, wamenifukuza. Baba amesikia?"

"Amesikia," akasema mama mdogo. "Amesikia chote. Amefurahi sana."

Wangesema amelala ningewasamehe. Hata wangesema hajisikii vizuri. Lakini hilo la kufurahi, nani aliwatuma waliongeze? Jioni nzima kwenye treni nilikaa na furaha ile. Nilimwambia msichana wa kiti cha jirani, mgeni kabisa, kwamba baba yangu amesikia kinanda chao na amefurahi sana. Akanipongeza.

Kesho yake nilipanda ndege, na wakati niko angani wao wakazika. Wangeniambia asubuhi ile ya kwanza, ningebadilisha tiketi, au ningewaomba wanisubiri. Nilikuwa na haki ya kuachiwa nichague.

Uwanja wa ndege wa Tabora nilipokelewa na baba mdogo, mdogo wake baba, pamoja na wanawake wawili wa kanisani. Walinikumbatia kwa furaha iliyozidi. Tulipofika kwenye gari, mmoja akaingia siti ya nyuma upande huu, mwingine akazunguka upande ule, wakaniweka katikati, ingawa siti ya mbele ilikuwa wazi. Kila mtu wa kwetu anajua maana yake. Hivyo ndivyo anavyokaliwa mtu atakayehitaji kushikwa.

"Lini?" nikauliza.

"Lini nini, mwanangu?" akasema baba mdogo, macho yako barabarani.

"Baba. Lini?"

Mwanamke wa kulia akanishika kifundo cha mkono. Nikamwambia aniachie. Hakuniachia, nikamng'ata kwa maneno ambayo baadaye nilimwomba radhi, yeye peke yake. Nyumbani turubai lilikuwa bado limesimama na viti vya kukodi vimepangwa. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, udongo umeshaanza kukauka juu.

Walitaka nikae kwanza, ninywe maji. Nilikataa maji. Nilisimama katikati ya ua nikamwuliza baba mdogo mbele ya watu alipata wapi mamlaka ya kunizikia baba. Wazee wakainamisha vichwa. Yeye hakunifokea, akaeleza kwa upole, na ule upole ukazidi kunichoma.

"Mzee alisema asiwekwe mochwari. Tungekusubiri vipi? Na wewe ulikuwa peke yako ugenini. Ungeanguka, nani angekuokota? Hii si ya leo. Tangu wapagazi wanapita hapa na pembe za ndovu za watu mabegani, mtu aliye njiani haambiwi. Akiambiwa atatua mzigo porini, na yeye atafia hapohapo."

"Mimi sikuwa na mzigo wa mtu!" nikapiga kelele. "Nilikuwa na soksi!"

Mtu mmoja nyuma akasema mwacheni alie. Sikuwa nalia. Nilikuwa nagombana, na nilitaka mtu agombane na mimi, lakini watu wa msibani hawagombani. Wanakutazama kwa huruma mpaka unachoka. Nikamgeukia mama mdogo. Nikamwuliza: huyo aliyefurahi alikuwa nani? Akafunika uso kwa khanga. Mdogo wangu wa kiume akajifanya anapanga viti.

Nikaingia ndani kwa mama. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na wajane wenzake, kichwa kimefungwa kitambaa, amekonda kwa siku chache zile kuliko nilivyodhani mtu anaweza kukonda. Sikumwamkia. Hiyo peke yake ingetosha nichapwe enzi za utoto. Nikasema, na nyie mama? Na nyie mlikuwa humo?

"Nilikuwa humo," akasema.

"Nilipiga simu, mama. Nilimpigia baba kinanda. Mkakaa mkanidanganya anasikiliza."

"Simu niliishika mimi."

Nikachuchumaa mbele yake.

"Wenzangu walitaka waizime. Shangazi yako alikuwa anakuja na kilio chake kutoka Puge, tukamzuia nje ya uzio anyamaze. Nikawaambia, mtoto amesema anampigia baba yake, basi simu apewe baba yake. Alikuwa ameshaoshwa, amelazwa humo chumbani. Nikamfunua shuka, nikamwekea sikioni mpaka simu ilipokatika."

Sikumwamini. Nilikuwa nimeshiba maneno matamu ya kunituliza, na hili nililiona ndilo tamu kuliko yote, wamelipika wote pamoja wakiningoja. Nikaamua kumnasa. Nikamwuliza, kwa sauti ambayo mtoto hamwulizii mama yake, alimwekea sikio lipi.

Mama alinitazama kama niliyeuliza jambo la kijinga.

"La kulia," akasema. "La kushoto si unajua lilikuwa halisikii."