Mguu wa Kwanza

Juzi, kwenye karakana yangu ya Gisozi, fundi wangu Damas alipanga vigoda sita vya mteja kwa mstari, vikapanda kama ngazi, kila kimoja kirefu kuliko cha kabla yake. Hasira zilinipanda. Kisha harufu ya gundi ikanirudisha Kimisagara, kwenye karakana ya papa, baba yangu, msumeno ukilia mpaka masikio yanaziba.

Mchana mmoja, nikiwa bado mdogo, papa alinipa mguu mmoja wa kigoda niuchore kwenye mbao na kukata mingine ya vigoda sita kwa kuufuata. Nilidhani nikishapata wa pili, wa kwanza umemaliza kazi. Kwa hiyo wa tatu nikauchora kwa wa pili, wa nne kwa wa tatu. Sikujua kwamba hata mstari wa penseli una unene wake. Kigoda cha sita kikazidi cha kwanza kwa vidole viwili.

"Yewe! Ule mguu nilikupa iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa fahari: nilikuwa nimeshaugundisha kwenye kigoda cha kwanza. Papa akashika kichwa kwa mikono miwili.

Juzi nikamfokea Damas vilevile: mguu wa kipimo uko wapi? Akanyoosha kidole kwenye kigoda cha kwanza.

"Bosi, si ulisema tusipoteze mbao?"

Nikashika kichwa kwa mikono miwili.