Noah ya Shangazi Salha Haikurudi Tupu

Kwa shangazi yangu Salha, hapa Lemara, sahani ya jirani hairudishwi tupu. Ndiyo maana aliposhindwa kulipa marejesho ya Noah aliyoinunua kwa mkopo kwa ajili ya kubebea mboga, aliiosha, akaijaza mafuta, akaweka mkungu wa ndizi kiti cha nyuma na kuipeleka mwenyewe kwenye yadi ya kampuni iliyomkopesha, kule Kisongo.

Alikabidhi ufunguo, akasaini fomu bila kuisoma. Ofisa akasema, "Asante, mama," akabeba na ndizi.

Shangazi alirudi kwa miguu njia nzima. Anasema barabara ilikuwa laini kama pamba, Mlima Meru ukielea juu ya ukungu, na yeye akielea nao. Miezi mitatu aliishi hivyo, akitabasamu peke yake jikoni, mtu asiyedaiwa.

Kisha barua ikaja. Nilimsomea mimi. Gari limeuzwa mnadani kwa bei ya kutupa. Pesa hiyo haikumaliza deni, na kilichobaki, pamoja na gharama za mnada, ni juu yake; asipolipa, atashtakiwa. Kurudisha gari kwa hiari hakufuti mkopo, na fomu ile ilisema hivyo.

"Na ndizi wamekula!" nilifoka.

Shangazi aliigeuzageuza bahasha taratibu, macho yake mlimani.

"Kumbe na wao," alisema, "hawarudishi sahani tupu."