Dirisha la Mbuzi wa Baba

Baba yangu alistaafu ofisi ya mifugo, lakini ofisi haijamtoka. Anaishi peke yake Vihingo na mbuzi wake. Alipomchoma mbuzi mmoja chanjo ileile mara mbili kwa kusahau, kaka yangu akataka mbuzi wauzwe, mzee ahamie kwangu Kibaha. Mimi naandika programu za kompyuta, nikaomba tumjaribu kwanza. Nikamtengenezea programu ya kurekodi matibabu na kunitumia nakala, nikaiweka kwenye laptop yangu ya zamani. Akiiweza, mbuzi wanabaki.

Dirisha lake la kuandikia nililionea fahari. Lilikuwa linajipima lenyewe: maandishi yakiongezeka, nalo linarefuka, mzee asihangaike kutafuta neno lililojificha.

Wiki zikapita, hakuna rekodi iliyonifikia. Kaka akaanza kuulizia wanunuzi. Nikafunga safari.

"Shikamoo baba. Mbona huandiki?"

"Marahaba. Siandiki? Kaa hapo uone."

Kulikuwa na mbuzi mwenye kikohozi. Baba akaanza na "Yahusu" na jina la mbuzi huyo, akaruka mistari miwili, akajitambulisha, utadhani laptop haimjui. Zikafuata salamu, hali ya mvua, historia ya mama yake mbuzi, ndipo dawa. Dirisha langu tiifu likarefuka, likarefuka, mpaka kitufe cha Hifadhi kikazama chini ya kioo. Alipofika "Wako mtiifu", akafunika laptop kwa heshima zote. Barua ikapotea.

Nilicheka hadi machozi. "Baba, dawa tu ingetosha."

"Barua isiyo na salamu nani ataisoma?"

Nikaliwekea dirisha kikomo: likifika nusu ya kioo, mistari ya mwanzo ipande juu na kujificha. Akaandika kupita nusu, akasita.

"Rudisha ilivyokuwa, mwanangu. Mwanzo ukifichika, nasahau naandika habari za mbuzi yupi."

Alisema huku akitazama mikono yake. Kicheko kikaniisha, nikaingiwa na hofu. Nikakipandisha kitufe juu kabisa, na kando yake nikaubandika ule mstari wa "Yahusu", usisogee hata aandike kurasa ngapi. Barua ya kikohozi ikaingia nzima, na salamu zake.

Jioni kaka akapiga simu. Nikamwambia mzee ameiweza programu.

"Kwa hiyo kusahau kumeisha?"

Baba alikuwa mbele yangu, ananitazama mdomo.

"Kumeisha," nikasema.