Mume Aliyekula Sahani Mbili

Mtaani kwetu anaitwa Fundi Pindo, kwa sababu sketi aliyoishona yeye itapauka rangi, itachakaa kitambaa, itarithiwa na mdogo wa mwenye sketi, lakini pindo halitafumuka. Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya duka la vifaa vya umeme la mumewe, na ili umfikie lazima upite katikati ya mizunguko ya nyaya na maboksi ya balbu. Ana cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme, meza ya kukatia, na benchi moja la wateja. Mimi nimelikalia benchi hilo miaka mingi nikisubiri sare za wanangu, maana shule zikikaribia kufunguliwa sare za mji mzima hutakiwa siku moja. Hapo ndipo aliponisimulia haya, kidogo kidogo, pini zikiwa mdomoni.

Fundi Pindo hali nyama. Siku hizi hulitamka jambo hilo kama mtu anayetaja namba yake ya viatu. Watu wanapoambiwa hutaka kisa: labda kulikuwa na mbuzi aliyempenda utotoni, labda aliweka nadhiri, labda aliota. Hakuna. Tangu akiwa mdogo nyama ilimzunguka mdomoni kama kipande cha kitambaa na ikakataa kushuka, basi. Mama yake mzazi hakuona tatizo lolote. Watoto walikuwa sita na nyama ilikuwa nusu kilo, kwa hiyo mtoto mmoja kujitoa mwenyewe kwenye hesabu ilikuwa ni baraka.

Tatizo lilikuja ukubwani. Huku kwetu watu ni walaji, na mtu akikataa nyama huulizwa kwanza anaumwa nini, kisha huulizwa anajiona nani. Akiwa na miaka ishirini na mbili alichumbiwa na mwalimu wa hesabu, kijana mpole. Siku alipopelekwa kwa wazazi wa kijana alisema ukweli mezani, kwa adabu zote. Mama wa kijana akauliza mwanamke asiyeonja nyama atajuaje kama imeiva, na je, mwanawe atalishwa majani mpaka lini? Watu walicheka, na yeye alicheka. Wiki mbili baadaye posa ikavunjika. Hakuambiwa sababu, lakini hakuwa mjinga.

Wakati huo alikuwa ameajiriwa kwenye karakana ya kushona, na mchana walipewa chakula. Siku moja akaja fundi umeme kutengeneza waya ulioungua. Mchana alikaa naye meza moja, akamwona anasukuma nyama pembezoni mwa sahani. Akamuuliza kama ana mpango nayo. Alipojibiwa hapana, akaila. Siku ya pili waya ulikuwa umeshapona, lakini fundi alirudi kuukagua. Wiki ile aliukagua mara nne.

Walipokuwa wanajiandaa kwenda kwa wazazi wa fundi umeme huyo, Fundi Pindo alimsimulia habari ya mwalimu wa hesabu, akamwambia kwamba safari hii hana nguvu ya kuaibika tena. Yule bwana akamwambia, "Usiwaambie kitu. Wewe pokea sahani, mengine niachie mimi. Tumbo langu ni la watu wawili."

Na kweli alikuwa na sababu ya kuogopa. Mama mkwe alikuwa mkunga, sasa amestaafu, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa, ambaye nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake ikiwa uchi na inalia. Watu wazima wenye ndevu humwamkia wakiwa wameinamisha vichwa. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi wanawe wote hula kwake mchana, na hakuna anayejipakulia. Yeye ndiye hukaa na sufuria mbele yake, humtazama mtu, humpimia, humkabidhi sahani. Kubakiza ni kumrudishia mkono wake.

Basi wakabuni utaratibu. Mume alikaa kushoto kwake daima. Yeye alikata nyama vipande vidogo, akavikusanya upande wa kushoto, na watu walipogeukia televisheni au mtoto alipomwaga maji, vipande vikahama. Baada ya miaka michache hawakuhitaji hata kutazamana. Ndugu waliona wanavyobanana, wakawatania kwamba hawa ndoa yao haizeeki. Tabu ilikuwa siku ambazo mume yuko mbali, kwenye jengo fulani analoliwekea umeme. Siku hizo Fundi Pindo alikwenda na mfuko wa nailoni ndani ya mkoba, na nyama ikashukia humo chini ya meza. Akirudi nyumbani alimpa mbwa wa jirani. Aliniambia kwamba katika miaka yote hiyo hakumbuki ladha ya chakula chochote alichokula katika nyumba ile. Alikula akihesabu macho ya watu.

Miaka minane iliyopita mambo yalibadilika kidogo, asijue kwa nini. Mama mkwe alianza kumpakulia zaidi. Vipande vilikuwa vikubwa, tena vile vizuri, na alikuwa akimtazama usoni anapomkabidhi sahani. Kisha ikaongezeka hotipoti ya kila Jumatano. Mama mkwe aliituma nyumbani kwao ikiwa imejaa nyama, na ujumbe ulikuwa ni ule ule: hii ni ya mkwe wangu peke yake. Fundi Pindo alidhani anapendwa, akazidi kuona haya. Hotipoti ikaliwa na mume, kila Jumatano, mwaka hadi mwaka, juu ya nyama yake ya kila siku.

Mwaka jana mume akaamka asubuhi moja hawezi kukanyaga. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kimevimba na kung'aa kama balbu, hata shuka likikigusa anapiga kelele. Daktari akapima damu, akasema ni jongo. Akamuuliza anakula nyama kiasi gani. Bwana akajibu, ya kawaida tu.

Fundi Pindo alikuwa ameketi pembeni, mkoba magotini. "Daktari," akasema, "anakula yake na yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa maneno hayo kumtoka mbele ya mtu wa tatu. Daktari alicheka kidogo, kisha akaona kwamba wao hawacheki. Akawaeleza kwamba jongo lina mambo mengi, huenda hata katika ukoo limo, lakini kwa mtu kama huyu nyama ni kumwagia moto mafuta. Aiache kabisa kwa sasa.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ilikuwa siku tano mbele. Nyumbani walibishana, na kwa kawaida wale hawabishani. Mume alitaka wasingizie safari. Mwezi unaofuata je? Alitaka basi ale mara moja tu, dawa si ipo? Fundi Pindo akamwambia kwamba amemtia mume wake ugonjwa kwa kuogopa sahani, na hatamtia kilema. Mume akasema hakutiwa, alikula kwa hiari yake, na nyingine ilikuwa tamu. Hapo walicheka, lakini uamuzi wa kusema ukweli ulikuwa umeshapita.

Siku yenyewe mume aliingia na kandambili akichechemea, akadai amejikwaa. Mezani walikuwepo wifi, dada mdogo wa mume, anayeuza katika duka la dawa, na shemeji mkubwa, fundi magari, pamoja na mkewe na watoto. Mama mkwe akapakua. Sahani ya Fundi Pindo ilipofika ilikuwa na mlima. Ya mume nayo ilikuwa na mlima wake. Akaona mkono wa mume, pale kushoto kwake, unaanza kuisogelea sahani, kwa mazoea tu. Akaushika.

Aliniambia kwamba alikuwa amejiandalia hotuba, lakini ilimpotea yote. Alisimama, na alichosema ni hiki: "Mama, mimi sili nyama. Sijawahi kula nyama ya nyumba hii hata siku moja. Anayekula ni mwanao, na sasa imemuumiza."

Televisheni ilikuwa inaendelea kuongea peke yake. Shemeji akaizima.

"Hata ile siku ya kwanza?" mama mkwe akauliza.

"Hata siku ya kwanza, mama."

"Na za Jumatano?"

"Alikula yeye."

Mama mkwe alimgeukia wifi, akamtazama. Wifi alikuwa ameweka kijiko chini na ameinamisha uso. Ndipo yakatoka ambayo Fundi Pindo hakuyajua. Miaka minane iliyopita wifi alimwona kwenye kona ya mtaa, Jumapili jioni, akimwagia mbwa nyama kutoka kwenye mfuko. Aliitambua nyama ya mama yake. Akarudi kwa mama yake na kumwambia kwamba mkwe anaogopa chakula chetu, anadhani tunamtilia kitu. Au basi ana kinyaa, anatuona wachafu. Tangu siku hiyo mama mkwe aliubeba mzigo huo kifuani. Hakuuliza, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa aibu. Alichofanya ni kuchagua vipande bora, kupakua kwenye sufuria ile ile mbele ya macho ya wote, kutuma hotipoti, ili siku moja mkwe wake asadiki kwamba mkono wake hauna ubaya.

Fundi Pindo alipofika hapa katika kunisimulia alitoa pini mdomoni, akazichomeka moja moja kwenye kijimto chake cha pini. Alisema alijiandaa kwa hasira na hata kwa kicheko. Hakujiandaa kumwona mwanamke yule anaweka upawa chini na kujifuta macho kwa nyuma ya kiganja, kama mtu anayekata vitunguu.

"Nyama tu?" mama mkwe akasema. "Miaka yote hii, ni nyama tu?"

"Nyama tu, mama. Mkono wako sina neno nao. Wali wako naumaliza."

"Nimezalisha wanawake wangapi, na wote niliwaambia mficha uchi hazai. Kumbe nimekaa mezani na mtu kajifunika gubigubi, na mimi mwenyewe nimejifunika." Kisha akainuka, akaenda kwa mwanawe, akamwamuru aweke mguu juu ya kiti. Alikibonyeza kile kidole mara moja, mume akaruka. "Umejikwaa," akasema. "Hili ni jongo, na mimi nimekupakulia mlima." Akaichukua sahani yake, akaipeleka kwa shemeji.

Shemeji ndiye aliyewarudisha watu kwenye viti vyao. Alisema kwamba kwa miaka mingi amekuwa akijiuliza inakuwaje sahani zinalingana lakini mdogo wake anapanuka na shemeji yake haongezeki hata kilo. Alishafikiria kumshauri apimwe minyoo. Watoto wakaangua kicheko, kisha wakubwa.

Wifi hakucheka. Baadaye, wakiosha vyombo pamoja, aliomba radhi, na Fundi Pindo naye akaomba radhi, kwa sababu mfuko ule ulikuwa wake. Waliisugua sufuria ile mpaka ikawa safi kupita kiasi.

Si kwamba yaliisha siku ile ile. Mama mkwe alikuwa ameumia, na kwa miezi miwili kila alipomwona mkwe wake alimuuliza swali moja: kwa nini hukuniamini? Fundi Pindo alimsimulia habari ya mwalimu wa hesabu na mama yake. Jibu lilisaidia, halikutosha. Wakati mwingine alikubali lawama tu. Kisha yakaanza maswali ya kiufundi, mengi kwa simu, saa za kazi, cherehani ikinguruma. Samaki je? Hapana, mama. Mayai? Mayai nakula. Kuku? Kuku ni nyama, mama. Mkunga alibisha kwamba kuku ni ndege, na walijadiliana hilo kwa siku tatu. Akauliza pia kuhusu mchuzi ambao nyama imetolewa, na alipojibiwa kwamba hata huo hapana akaguna kwamba huo sasa ni upelelezi. Hotipoti ya Jumatano haikukoma. Sasa huja na maharage, au dengu, au biringanya, na ujumbe ni ule ule, ni ya mkwe wangu peke yake, ingawa mume huruhusiwa kuchovya humo.

Kidole kimetulia. Mume amepungua kilo tisa na huzitaja kwa kila mteja anayenunua soketi.

Nilipomuuliza Fundi Pindo ni lini hasa alijua kwamba yameisha, nilidhani atanitajia neno fulani la mama mkwe. Akanisimulia habari ya Jumapili moja baada ya miezi mitatu. Alikuwa amekula wali na maharage ya nazi, sahani nzima, akaomba nyongeza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ile. Kisha akahamia kwenye kochi kubwa karibu na dirisha, akasema anaegemea kidogo. Alipofumbua macho jua lilikuwa limeshahama ukutani. Kumbe amelala saa nzima, mdomo wazi, mbele ya ukoo wote, na hakuna aliyemwamsha. Watoto walikuwa wamefukuzwa uani. Televisheni ilikuwa imeshushwa sauti, na mama mkwe ameketi kwenye kiti cha pembeni yake, anachambua dengu kwenye ungo taratibu, ili zisigonge.