Gita la Upande wa Kushoto

Siku ile pale Masisi nilijaribu ekutere, zile spika ndogo za kuweka masikioni, mpaka mwenye duka, Papa mmoja, mzee wa Butembo, akachoka nami. Zile za bei nafuu zote zililia kama nzi ndani ya kopo. Mwishowe akanitolea nyingine: besi nzito, gita safi, na bei niliyoiweza.

"Hii iko muzuri, kaka. Ukiweka, hausikie kitu ya inje."

Nikanunua, nikarudi Lushebere nikichekelea. Lakini kwetu, wakati wa vita, hakuna aliyeziba masikio yote mawili. Moja lilikuwa la muziki, lingine la kusikiliza milima. Jioni Mama aliniita mpaka sauti ikamkauka, akanikuta nyuma ya nyumba nimefumba macho, natingisha kichwa. Akaichomoa ya kushoto.

"Na risasi zikilia, utasikia na nini?"

Katika sikio la kulia wimbo nilioupenda ukabaki na besi na sauti ya mwimbaji tu. Kutwa nzima natafuta sauti nzuri, kumbe gita lote limewekwa kushoto!

Miaka yote iliyofuata niliusikiliza wimbo ule bila gita. Gita lilikuwa kwenye sikio la vita.