Mianzi Isiyolowekwa

Mimi ni fundi cherehani, na haya nayasema kwa hasira, kwa hiyo anayetaka maneno matamu akayatafute kwingine. Mke wangu ni fundi wa mianzi. Mtaani wanamwita Injinia. Walianza kumwita hivyo kwa kejeli, siku alipoanza kujenga kitalu nyumba nyuma ya nyumba yetu: mwanamke mfupi juu ya ngazi, msumeno mkononi, na wanaume wamejipanga ukutani wakimuuliza kama hilo ni banda la kuku au ukumbi wa harusi. Kejeli ziliisha nyanya zake zilipoiva mle ndani wakati wa mvua kubwa, za watu wengine zote zimeoza shambani. Jina likabaki.

Kitalu cha vyuma mkulima wa robo eka atakiona kwenye picha tu. Cha mianzi, kwa karatasi ya nailoni na neti ninazoshona mimi, anakimudu. Ila kina sharti lake. Mwanzi una sukari ndani, na kuna mdudu mweusi, mdogo kuliko punje ya mchele, anayeifuata sukari hiyo popote ilipo. Kwa hiyo Injinia hukata mianzi iliyokomaa tu, akailaza kwenye dimbwi chini ya daraja, akaikandamiza kwa mawe na kuiacha miezi miwili mpaka maji yanuke. Yananuka kweli, sitii chumvi. Kuna siku nimelala sebuleni nikikimbia harufu ya nywele zake. Akishaitoa, huisimamisha kivulini mwezi mzima ikauke polepole. Kitalu chetu kina mwaka wa tano na hakina hata tundu moja.

Basi akaja Meneja wa mradi mmoja wa kilimo, viatu vinang'aa, akakizunguka kitalu chetu akipiga picha. Akasema anataka kumi kama hicho kwa wakulima kumi wa mtaa wetu.

"Wageni wanaotoa fedha wanafika baada ya wiki tano," akasema. "Nataka wavikute vimesimama."

"Baada ya wiki tano mianzi itakuwa bado iko majini," mke wangu akamjibu.

"Tutapaka vanishi."

"Vanishi inakaa nje, Meneja. Mdudu anakaa ndani."

Jamaa akacheka, kile kicheko cha kumchekea mtoto. Akamwambia afikirie, mafundi wako wengi.

Mchana ule tukiwa mezani mke wangu akaniuliza ninaonaje. Huniuliza kila kitu kuhusu kazi yake, na mimi humuuliza kuhusu yangu, ndivyo tulivyozoeana. Nikamwambia, "Mke wangu, usiwe na kichwa kigumu. Paka hiyo vanishi, wapige picha zao waende zao. Ukikataa wataleta mtu asiyejua hata kushika msumeno."

Akaweka kijiko chini. "Na wewe unasema hivyo?"

"Nasema hivyo."

Kesho yake alfajiri akaenda kukata mianzi mibichi.

Siku ya wageni kulikuwa na utepe, spika kubwa na kofia za bure. Meneja akashika maikrofoni: tumejenga, tumebuni, tumewawezesha. Tumejenga! Mtu ambaye hajawahi kuchomwa hata na kibanzi kimoja cha mwanzi! Mke wangu walimsimamisha nyuma, karibu na waliokuwa wakipanga viti. Vanishi iling'aa kweli, na wageni waliisifu.

Mwezi wa sita baada ya sherehe akaja jirani yetu, mmoja wa wale wakulima kumi, mkunga mstaafu aliyewapokea watoto wetu wote wawili. Alikuwa amekunja kiganja. Akakifungua, ndani mna unga mweupe.

"Injinia, mwanangu, hiki ni kitu gani kinanidondokea kichwani kila nikiingia kitaluni?"

Mke wangu alimfuata hadi kwake, akabonyeza nguzo kwa kidole gumba, na kidole kikazama ndani. Wiki mbili baadaye kikavuma kiupepo tu, hata mabati ya watu hayakutikisika, kitalu cha mkunga kikalala chini juu ya nyanya alizopanga kuzichuma Jumamosi. Ndiyo yaliyokuwa mazao yake ya kwanza tangu aache kazi. Vingine vikafuata. Njiani watu wakaacha kumwita Injinia, na wengine wakaacha hata kumsalimia. Kazi aliyoijenga kwa miaka mitano ilikuwa inamponyoka.

Tukaitwa mkutanoni, kwenye darasa la shule, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto. Meneja akasoma ripoti. Mianzi imethibitika haifai. Fundi hakuzingatia viwango.

Damu ikanichemka. Nikasimama nikamtolea uvivu. Nikamwita mnafiki, nikamwambia ni yeye aliyemharakisha mke wangu kwa ajili ya picha zake, na sasa anamtupia lawama mchana kweupe. Watu wakanipigia makofi. Nikajiona mwanaume kweli.

"Mume wangu, kaa chini," mke wangu akasema.

Makofi yakakoma.

"Meneja aliniambia nipake vanishi. Na wewe uliniambia nipake vanishi. Na mimi, niliyejua kuliko nyinyi wote, nikaenda nikakata. Sasa hapo unampigia kelele nani?"

Nilikaa. Akawageukia wale kumi. "Mianzi haina kosa, kosa ni langu. Atakayekubali kusubiri miezi mitatu nitamjengea upya, kazi yangu bure."

Tisa wakainamia madawati yao. Mkunga akainua mkono.

"Mimi nimekesha nikisubiri watoto wa watu maisha yangu yote. Miezi mitatu ndiyo nini?"

Wale tisa walizing'oa nguzo zao wakafanya kuni. Meneja, nasikia, amepandishwa cheo, na ripoti yake inasomwa kwingine. Nikifikiria hilo meno yananiuma kwa hasira. Ningependa hasira zangu zote zimwendee yeye, lakini zikifika nusu ya njia zinanigeukia.

Mianzi ya mkunga iko dimbwini, huu ni mwezi wa pili. Mawe nimeyabeba mimi. Juzi nilimkuta Injinia pale ukingoni na mwanzi mmoja mkononi, anaunusa, anaurudisha majini, anautoa tena. Nilijua anawaza kama uko tayari. Nikasimama pembeni yake, nikasubiri aniulize ninaonaje.

Hakuniuliza. Tangu ule mkutano hajaniuliza tena.