Niliposema Mimi ni Mjomba

Sikuondoka kijijini kwetu Mnyambe kwenda kutembea. Mpwa wangu Esta, binti wa miaka kumi na miwili, alikuwa akitoka damu puani na kwenye fizi, na wengu ulimvimba mpaka gauni la Jumapili likakataa kufunga. Kwetu mtoto ni wa mjomba, na mjomba ni mimi. Nikamwachia mwenzangu darasa langu, tukaondoka watatu: Esta, mama yake ambaye ni dada yangu, na mimi.

Newala tulifika saa nne asubuhi, Esta nimempakia nyuma ya baiskeli. Tuliomba maji ya kumsafisha uso. Mama mmoja wa sokoni akatupimia kikombe. “Pole, mama. Hata haya nimepanda nayo kutoka bondeni tangu alfajiri.” Baiskeli nikaiacha kwake, tukapata lori la korosho la kutushusha mlimani.

Masasi, Jumatatu asubuhi, daktari Mzungu aliitazama damu ya Esta kwenye darubini, akaniita pembeni.

“Mwalimu, hii ni kansa ya damu. Dawa ya kuponya hakuna. Lakini Dar es Salaam viko vidonge vinavyoweza kumpa mwaka, pengine zaidi. Gari la wagonjwa linakwenda Lindi kwenye meli Alhamisi. Nafasi ipo. Kachukueni kibali.”

Mwaka! Dada yangu alipiga magoti palepale.

Ofisini tulimkuta karani, kijana wa bara, kalamu sikioni.

“Wewe ni nani kwa mgonjwa?”

Nami, mjinga wa majivuno, nikanyoosha mgongo. “Mimi ndiye mjomba wake.” Kwetu ukisema hivyo unapishwa kiti. Yeye alicheka.

“Mjomba? Fomu inataka baba.”

“Na mimi niliyemzaa?” dada akauliza.

“Mama, nimesema baba.”

Jamani, ningesema tu mimi ni baba, nani angejua? Lakini kuukana ujomba mbele ya dada yangu, wazo hilo halikunijia kichwani. Nikachukua ile fomu.

Jumanne nilidandia lori la kwenda njia ya Lindi, kwenye mashamba ya mkonge alikokimbilia Baba Esta miaka mingi nyuma. Nilimpata Jumatano mchana, panga mkononi.

“Shemeji, mtoto ni wako,” alisema. “Mimi nitie kidole kwa mamlaka gani?”

Alidhani namjaribu. Nilimfokea mbele ya wenzake mpaka nikaona haya mwenyewe. Akatia kidole cha wino kwenye fomu huku analia, akaniuliza kama Esta amerefuka.

Alhamisi nilisimama barabarani kutwa nzima bila kupata gari la kurudi Masasi. Masasi niliingia Ijumaa, fomu nimeikunja ndani ya kofia isilowe jasho. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda.

“Nafasi ya Esta kapewa nani?” nilimuuliza daktari.

Aliinamisha kichwa. “Mtoto wa msimamizi mmoja, Mzungu. Ugonjwa ni huu huu.”

“Nani alimtilia sahihi?”

“Mama yake. Baba yuko likizo Ulaya.”

“Mama yake?”

“Fomu yao ni nyingine, Mwalimu.”

Sikumchukia yule mtoto. Naye alikuwa akitoka damu. Ila hasira niliyoipata siku ile ninayo mpaka leo, na sioni sababu ya kuificha.

Gari la pili lilikuwa baada ya wiki mbili. Nilipoingia wodini Esta alifumbua macho.

“Mjomba, umekileta kidole cha baba?”

“Nimekileta.”

“Basi kiweke vizuri.”

Alikufa Jumanne iliyofuata. Tulirudi kwa lori lilelile la korosho, yeye amefungwa katika shuka, mama yake amempakata njia nzima. Pale Newala yule mama wa sokoni alimwaga ndoo yake nzima kutunawisha.

Mnaniuliza nilijifunza nini huko. Wapwa ninao wengine wanne. Juzi niliwaketisha uani nikawaambia: siku tukifika ofisini, mimi niiteni Baba.

Mdogo wao akaguna. “Hata kama ni uongo, Mjomba?”

Hata kama ni uongo, nikamwambia. Dada yangu alikuwa akitwanga; akausimamisha mchi, akamwambia aseme tena, aseme Baba, mpaka azoee.